Talaka mahakamani: usianzie nilikoanzia mimi

Wakili baadaye. Anza na baraza la usuluhishi wa ndoa, maana kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 huwezi kuomba talaka mahakamani bila hati ya baraza inayosema limeshindwa kuwapatanisha. Hilo nililijua. Nisilolijua ni baraza lipi.

Nilipoondoka kwa mume nilipanga chumba upande wa pili wa Dar, nikaenda baraza la kata ya huko huko kwa sababu ni mwendo wa miguu. Vikao vitatu. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama nilikuwa nampikia vizuri. Mume alitokea siku moja tu, akasema yeye hana ugomvi na mtu. Mwishowe nikapewa barua: "wameshindwana", na muhuri wa wino uliofifia, nusu ya jina la kata haisomeki. Karani wa mahakama aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

Nilikosea mara mbili. Baraza linalohusika ni la kata anayoishi mume, siyo mke. Kama nyote ni wa dini moja na dini hiyo ina baraza lake, kama BAKWATA kwa Waislamu, mnakwenda hilo. Halafu barua siyo hati. Hati ina fomu yake, Fomu Na. 3, na lazima iseme waziwazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Isome hapo hapo kabla hujainuka kwenye benchi, hata wakikukazia macho. Usimtegemee karani mpole wa kuipokea hivyo hivyo: Mahakama ya Rufani imeshabatilisha talaka iliyokwisha kutolewa, kisa hati ya baraza haikuwa halali.

Nikaanza upya kwenye kata ya mume. Nauli, ruhusa kazini, na kusimulia mambo ya chumbani mbele ya wazee wengine wapya.

Ukishaipata, usikae nayo. Inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Shangazi zako watakuomba "tumpe muda kidogo". Wape muda, ila tarehe ya hati iwe kichwani. Kama mwenzio amekutelekeza na hujui aliko, au ameitwa barazani akakataa kwa makusudi kwenda, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila hati. Hizo barua za wito zitunze, ndiyo ushahidi wako.

Na ndoa ikiwa haijafika miaka miwili, huombi talaka mpaka upate kibali cha mahakama. Wengine huomba amri ya kutengana kwanza.

Huna hela? Dar kuna mashirika ya msaada wa kisheria: TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Wahi asubuhi, beba nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, na hadithi yako uifupishe, foleni ni ndefu. Huko mitaani wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Watakuelekeza na kukusaidia kuandika, ila mahakamani hawakusimamii. Msaada huo ni bure. Akikuomba "ya maji", tafuta mwingine.

Mimi nilifungua Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila wakili. Kwenye maombi usiandike talaka peke yake. Andika mgawanyo wa mali, malezi na matunzo ya watoto humo humo. Mali itaje moja moja: kiwanja na mkataba wa mauziano, bodaboda na kadi yake, risiti za mabati. Ukiambiwa hukuchangia kwa kuwa ulikuwa mama wa nyumbani, taja kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Toa nakala tatu za kila karatasi kabla hujafika. Steshenari ya jirani na mahakama wanajua una haraka, na bei yao inajua pia.