Somo: Zana zako za zamani za terminali zitapona ukisasisha mfumo? Zikague hivi kabla hujabonyeza

Habari zenu wakuu.

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: "Nina skripti na programu ndogo za terminali nilizozizoea miaka mingi. Nikipandisha mfumo endeshi kwenda toleo jipya, zitabaki?" Wengi hutaka ndiyo au hapana. Ukweli ni kwamba faili lenyewe karibu kila mara hubaki palepale ulipoliacha. Kinachoondoka ni kile lilichokuwa limeegemea: programu inayoisoma skripti, maktaba fulani (msimbo wa pamoja ambao programu nyingi huuazima), amri nyingine inayoitwa ndani yake, au uwezo wa mfumo kuendesha programu za biti 32. Ndiyo maana kulitazama faili peke yake hakutoshi.

Hili nililipata kwa maumivu. Nilikuwa na skripti ya bakapu iliyoendeshwa na cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, kila siku saa nane usiku. Seva ikapandishwa toleo. Nikaingia, nikaangalia: faili lipo, ruhusa zipo, tarehe ileile. Nikaridhika nikatoka. Wiki tatu baadaye mtu akaniomba nimrudishie faili alilolifuta kwa bahati mbaya, nikafungua folda ya bakapu, na nakala ya mwisho ilikuwa ya usiku wa kuamkia siku ile tuliyosasisha. Faili la mtu yule halikupatikana tena. Nilipoiendesha skripti kwa mkono ndipo ikasema:

-bash: /usr/local/bin/nakala.py: /usr/bin/python: bad interpreter: No such file or directory

Mstari wake wa kwanza ulikuwa #!/usr/bin/python, na toleo jipya lilikuwa na python3 tu. Cron ilikuwa ikilalamika kila usiku, lakini mashine haikuwa na programu ya kutuma barua, kwa hiyo malalamiko yakatupwa. Tangu siku hiyo nafuata hatua hizi, na siziruki hata nikiwa na haraka.

Hatua ya 1: Orodhesha unachotumia kweli

Usitegemee kumbukumbu. Pitia historia ya amri zako (history), kisha ls ~/bin na ls /usr/local/bin, kisha crontab -l. Kumbuka crontab -l inaonyesha kazi za mtumiaji mmoja tu. Ya root, yaani mtumiaji mkuu, iangalie kwa sudo crontab -l, halafu ufungue na /etc/cron.d. Zana zinazojiendesha zenyewe usiku ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu zikifa hakuna anayeona.

Hatua ya 2: Jua kila zana ilitoka wapi

Andika type -a ikifuatiwa na jina la zana. Ukiwa kwenye Windows tumia where, au Get-Command ndani ya PowerShell. Majibu yataangukia mafungu matatu.

La kwanza ni zilizokuja na mfumo. Hizi ni mali ya mwenye mfumo, na anaweza kuziondoa. Kwenye macOS, telnet na ftp ziliondolewa kwenye toleo la High Sierra mwaka 2017, PHP ikaondolewa Monterey mwaka 2021, na Python 2.7 ikafuata kwenye 12.3 mwaka 2022. Upande wa Debian, ifconfig, amri ya mipangilio ya mtandao, haiwekwi tena kwa kawaida tangu toleo la 9; nafasi yake imechukuliwa na amri ya ip, ingawa ukiweka kifurushi cha net-tools unairudisha.

La pili ni zilizotoka kwa msimamizi wa vifurushi, yaani programu inayoweka na kusasisha programu nyingine: apt, dnf, Homebrew na wenzao. Hizi kwa kawaida hupandishwa pamoja na mfumo, isipokuwa kifurushi kilichotupwa kabisa kwenye toleo jipya au kile ulichokitoa kwenye hazina ya nje ya mfumo.

La tatu ni zile ulizoweka kwa mkono wako. Kwenye Linux zikae /usr/local au ndani ya folda yako ya nyumbani. Sehemu hizo zimetengwa makusudi ili sasisho lisizifute. Ukichomeka kitu chako ndani ya /usr/bin, siku moja kifurushi chenye jina hilohilo kitakifunika bila kukuuliza. Kwenye Mac huwezi hata kujaribu, maana tangu toleo la El Capitan la 2015 folda hiyo imefungwa. Na kama uliwahi kuweka vitu vyako kwenye mzizi wa diski, toleo la Catalina liliwahamishia watu vitu hivyo kwenye folda iitwayo Relocated Items ndani ya /Users/Shared. Faili lipo, lakini njia uliyoandika kwenye skripti haifiki tena.

Hatua ya 3: Kagua nguzo zake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kama ni skripti, soma mstari wa kwanza: head -n 1 jina. Kisha hakikisha programu iliyotajwa pale itakuwepo kwenye toleo jipya, kwenye njia ileile. Halafu pitia amri zote zinazoitwa ndani. Skripti ya mistari ishirini inaweza kuegemea zana kumi.

Kama ni programu iliyokwisha kujengwa, anza na amri ya file ikifuatiwa na njia ya programu. Ukiona jibu kama hili:

ELF 32-bit LSB executable, Intel 80386, dynamically linked, interpreter /lib/ld-linux.so.2

basi soma kwa makini. Ni ya biti 32, na inahitaji kipakiaji (kinachopakia maktaba zake kabla haijaanza) kiitwacho /lib/ld-linux.so.2. Mfumo wa biti 64 usio na maktaba za biti 32 hauna faili hilo, na ukiiendesha utaambiwa "No such file or directory" huku ls ikikuonyesha programu ipo mbele ya macho yako. Watu hupoteza siku nzima hapa. Kisichopatikana ni kile kipakiaji, programu yenyewe haina tatizo. Bash mpya zimeliona hilo na sasa husema "required file not found". Kwenye Debian na Ubuntu dawa yake ni sudo dpkg --add-architecture i386, kisha sudo apt update, kisha kuweka libc6:i386. Kwenye macOS hakuna dawa ya aina hiyo: kuanzia Catalina, programu za biti 32 haziendeshwi kabisa.

Kisha andika ldd ikifuatiwa na njia ya programu uone maktaba zake; kwenye Mac ni otool -L. Mfano unaouma wengi ni libssl.so.1.1, maktaba ya OpenSSL inayosimba mawasiliano ya mtandao. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, na programu zilizotegemea maktaba ya 1.1 zikagoma kuanza pale ilipokosekana. Tahadhari moja: usitumie ldd kwa faili usilolijua lilikotoka, kwa sababu inaweza kuliendesha. Tumia objdump -p faili | grep NEEDED.

Niwape moyo pia. Kerneli yenyewe ya Linux, yaani kiini cha mfumo, si adui hapa. Linus Torvalds, mwanzilishi wake, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba kerneli isivunje programu za watumiaji, na programu iliyobeba maktaba zake zote ndani yake huweza kuishi matoleo mengi sana. Na zile zana kongwe kabisa, grep, sed na awk, ambazo zilizaliwa miaka ya 1970, ndizo nisizozihofia, kwa kuwa POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, kinazilinda. Zinazokufa haraka ni zile za umri wa kati.

Hatua ya 4: Soma maelezo ya toleo

Fungua ukurasa wa maelezo ya toleo unalokwenda, tafuta maneno "removed" na "deprecated", na ulinganishe na orodha yako. Dakika kumi tu. "Deprecated" ni onyo la mapema: zana bado ipo, ila imeshapewa notisi. Wmic, amri ya Windows ya kuuliza taarifa za mfumo, ilipewa notisi hiyo ndani ya Windows 10, na matoleo mapya ya Windows 11 hayaji nayo tena, kwa hiyo kama skripti zako bado zinaitumia, anza kuzihamishia PowerShell sasa.

Hatua ya 5: Weka orodha na nakala nje ya mashine

crontab -l > crontab.txt
apt-mark showmanual > vifurushi.txt
tar czf zana.tar.gz /usr/local/bin ~/bin /etc/cron.d

Kwa wa Homebrew, brew bundle dump inatosha. Vipeleke kwenye diski nyingine.

Hatua ya 6: Jaribu pembeni

Weka toleo jipya kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), au fungua kontena lake (chumba kilichotengwa chenye maktaba na amri za toleo hilo), nakili zana zako humo na uziendeshe. Kontena hutumia kerneli ya mashine yako, kwa hiyo halikuonyeshi kila kitu, ila maktaba na amri zilizokosekana utaziona mara moja.

Hatua ya 7: Baada ya kusasisha, linganisha matokeo

Kuendesha zana na kuona haijatoa kosa hakutoshi. Kuna mabadiliko ya kimyakimya. Glibc, maktaba kuu ya C kwenye Linux, toleo lake la 2.28 la mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi wa lugha nyingi, hivyo sort ikawa inaweza kupanga mistari tofauti na zamani, na hata hifadhidata za PostgreSQL zilizotegemea mpangilio ule zikahitaji kujengewa faharasa upya. Kama skripti yako inategemea mpangilio, andika LC_ALL=C sort. Tangu GNU grep 3.8, egrep inatoa onyo kila inapoitwa, na onyo hilo likiingia kwenye faili la kumbukumbu linaweza kumchanganya anayelisoma. Badilisha iwe grep -E.

Mimi huhifadhi matokeo ya kila zana muhimu kabla ya kusasisha, kisha baada yake naendesha diff kati ya ya zamani na mapya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo. Nimesasisha Mac yangu jana, leo git inasema "xcrun: error: invalid active developer path". Nimepoteza kazi zangu?

Jibu: Hapana, kazi zako zipo salama. Git ya Mac inategemea zana za waundaji programu, na masasisho makubwa mara nyingi huziacha zikiwa hazitambuliki. Andika xcode-select --install, kubali, subiri imalize. Ujumbe huo hutisha watu bure.

Swali: Nina programu ya DOS ya miaka ya 1990 yenye kumbukumbu zangu. Windows mpya inakataa kuifungua. Nifanyeje?

Jibu: Hiyo ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi biti 16 kabisa. Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwa hiyo usitafute mpangilio wa kubadilisha. Iendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga DOS, au kwenye mashine pepe yenye FreeDOS. Lakini ukishaifungua, toa kumbukumbu zako kwenye faili la maandishi matupu siku hiyohiyo. Programu unaweza kuipata tena kwingine, kumbukumbu zako hazipo kwa mtu mwingine.

Swali: Kuhusu libssl.so.1.1, nimeona watu wanatengeneza kiungo kutoka libssl.so.3 kwenda jina la zamani. Inakubali?

Jibu: Usifanye hivyo ndugu yangu. Namba ile ya mwisho hubadilishwa ili kuwaambia kwamba maktaba hizi mbili hazibadilishani. Programu itagoma, au mbaya zaidi itaanza halafu iharibike katikati ya kazi. Ukiwa na msimbo wake, ijenge upya. Kama huna, iweke kwenye kontena la toleo la zamani na uitenge na mtandao, maana OpenSSL 1.1.1 iliacha kupokea marekebisho ya bure ya usalama Septemba 2023.

Swali: Baada ya kusasisha, ssh (amri ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao) haingii kwenye ruta ya zamani. Inasema "no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa".

Jibu: OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 ilizima sahihi za ssh-rsa zinazotumia SHA-1, mbinu ya zamani isiyo salama tena. Fungua ~/.ssh/config, andika Host na anwani ya ruta hiyo, chini yake HostKeyAlgorithms +ssh-rsa. Iandike kwa ruta hiyo peke yake, usiwafungulie wote. Na kama kuna programu mpya ya ruta, iweke.

Swali: Mkuu, ile bakapu iliyokufa kimya imenigusa. Sasa hivi unajuaje kama imefanyika?

Jibu: Cron sasa inaita skripti ndogo ya sheli inayoiendesha nakala.py; mwanzoni mwake nimeweka set -e ili kitu kikikosea isimame. Mstari wake wa mwisho ni touch "$HOME/bakapu.tayari", amri inayogonga tarehe ya sasa kwenye faili la alama. Kisha kwenye ~/.profile yangu nina mstari huu:

[ -n "$(find "$HOME/bakapu.tayari" -mmin -1500 2>/dev/null)" ] || echo "BAKAPU HAIJAFANYIKA"

Dakika 1500 ni saa 25. Alama ile ikizidi hapo, au ikiwa haipo kabisa, naona maandishi hayo kila ninapoingia kwenye seva. Mstari huo wa ulinzi nimeuandika kwa sheli ya kawaida makusudi, bila Python, ili mlinzi na anayelindwa wasiegemee nguzo moja.