Acheni Kumwaga Chumvi Kwenye Matuta

Wiki iliyopita nilipita mashamba manne ya mboga kati ya Gongoni na ukingo wa mto Sabaki, huku pwani ya Kenya. Katika matatu nilikuta jambo lilelile: chumvi imemwagwa mstari mweupe kuzunguka matuta, na pengine imerushwa katikati ya miche kama mbegu. Sababu ni konokono. Masika yamefungua, konokono wametoka kwa wingi, na chumvi huku kwetu haina thamani. Inavunwa hapo hapo Gongoni na Marereni, gunia zima linafika nyumbani kwa baiskeli. Basi kila mtu anamwaga. Ninaandika kwa sababu kila masika ninaona mboga nyingi zaidi zinazokufa kwa chumvi kuliko zinazoliwa na konokono.

Mama mmoja aliniita kwenye tuta lake la pilipili hoho. "Mwanangu, njoo uone kazi ya konokono. Munyu nimetia mara tatu na bado majani yanakauka." Niliinama nikachuma jani. Lilikuwa zima, halina tundu hata moja, ila kingo zake zimeungua rangi ya kahawia kuanzia nchani. "Mama, hapa konokono hajafika. Huu ni munyu wako." Alinyamaza, nami nilisikitika, maana tuta lile lilikuwa ada ya shule ya wajukuu.

Jifunzeni kutofautisha, na nawaomba mfanye hivyo kabla ya kununua chochote. Konokono ana ulimi uliojaa meno madogo kwa maelfu, kama tupa ya fundi seremala. Haumi, anakwangua. Jani alilokula lina matundu yasiyo na umbo, mishipa imebaki, na asubuhi utaona njia ya ute uliokauka inang'aa juani. Mche mchanga anaukata kwenye shina na hubaki kijiti. Jani lililochomwa na chumvi halina tundu wala ute. Kingo zinakauka, mmea unadumaa, unanyauka saa sita mchana hata kama udongo umelowa. Mkulima akiona mnyauko huo hudhani ni kiu, anaongeza maji, na kama maji yenyewe ni ya kisima chenye munyu, kama vilivyo visima vingi vya karibu na bahari, anazidi kujiumiza.

Sasa tupige hesabu, maana naambiwa kila siku "ni kidogo tu." Chukua tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Mizizi ya mboga iko zaidi kwenye sentimita 20 za juu, kwa hiyo una mita za ujazo 2 za udongo. Udongo huo ukilowa kabisa hushika maji kama lita 800. Mwaga kilo moja ya chumvi humo: kila lita ya maji yanayonywewa na mizizi sasa ina gramu 1.25 za chumvi. Maharage na karoti huanza kupoteza mavuno chumvi ikifika karibu gramu 0.6 kwa lita. Vitunguu, karibu gramu 0.8. Pilipili hoho, karibu gramu 1. Mahindi, gramu 1 na kidogo. Kilo moja, pakiti mbili za nusu kilo, imeshavuka mipaka yote hiyo, na hapo nimechukulia kwamba udongo wako haukuwa na chumvi hata chembe. Kwa maharage, kiasi hicho peke yake kinaweza kuondoa karibu robo ya mavuno. Yule mama alitia mara tatu. Kunde huvumilia zaidi na mnazi huvumilia sana, ndiyo maana mtu huona mnazi wake mzima na kudhani chumvi haina neno.

Tena chumvi haiozi. Dawa nyingi za wadudu huvunjika kwa jua na muda. Chumvi hukaa pale ulipoiweka mpaka maji yaisukume chini.

Na konokono je, anakufa? Yule uliyemmwagia moja kwa moja mgongoni, ndiyo. Ngozi yake ni nyembamba na haizuii maji, kwa hiyo chumvi inayafyonza mpaka anakauka. Jamaa zake wa baharini tunaowajua vizuri huku, pweza, ngisi, dome, chaza, kauri, hawana shida hiyo kwa sababu chumvi iliyomo miilini mwao imelingana na ya bahari. Wa nchi kavu maji ya mwili wake yana chumvi kidogo tu. Lakini mstari wa chumvi ni jambo jingine. Konokono akiugusa kwa ncha ya mwili anamwaga ute mwingi, ute unaibeba chumvi, naye anajikunja ndani ya gamba na kungoja. Umande wa alfajiri moja tu unayeyusha mstari wako. Usiku wa pili anapita juu yake, na chumvi iko kwenye mizizi. Mayai yake, ambayo ndiyo hasara yenyewe, yako ndani ya udongo ambako chumvi uliyorusha juu haiyasumbui.

Hapo kwenye mayai ndipo nataka mkae nami kidogo. Konokono mkubwa wa kahawia mwenye michirizi, anayejaa mashambani mwetu, ni wa asili ya pwani hii ya Afrika Mashariki. Ni kutoka huku alikosambaa hadi Asia na visiwa vya Pasifiki na kuwa balaa la dunia. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike pamoja, kwa hiyo usitafute jike. Wakishapandana, wote wawili waweza kutaga. Huweza kuhifadhi mbegu ya kiume mwilini kwa miezi mingi na kutaga tena bila kukutana na mwenzake. Mzao mmoja ni mayai mia na zaidi, mara nyingi karibu 200, na hutaga mara kadhaa kwa mwaka. Mayai ni ya mviringo, rangi ya maziwa iliyoingia manjano, upana kama milimita 5. Kwa joto letu huanguliwa baada ya siku 8 hadi wiki tatu hivi. Baada ya nusu mwaka watoto hao huanza kuwa wazazi.

Kwa hiyo ratiba ndiyo dawa. Msako mmoja mkubwa kisha ukatulia mwezi mzima ni kazi bure. Rudi kila baada ya siku 7, si 10, si "nikipata nafasi." Siku 7 ni pungufu ya muda mfupi kabisa wa kuanguliwa, kwa hiyo mayai yaliyotagwa baada ya msako wako utayakuta bado mayai. Anza ndani ya wiki ya kwanza ya mvua kubwa na usiache mpaka umepita misako miwili mfululizo bila kuona yai.

Mayai yatafute kwa kijiti au jembe dogo, sentimita 3 hadi 5 chini, penye unyevu na kivuli: ubavuni mwa mawe, chini ya mgomba, pembezoni mwa lundo la mboji, chini ya makuti yaliyooza. Ukiyachimbua usiyaache juu ukidhani kuku watayaona. Yaponde hapo hapo.

Wakubwa wakusanye usiku, kati ya saa mbili na saa nne, kwa tochi. Usiende saa kumi na mbili na nusu jioni kwa sababu tu ndipo unaporudi nyumbani. Wengi hawajatoka bado. Asiyeweza usiku aende alfajiri saa kumi na moja, kabla jua halijawarudisha mafichoni. Siku ya msako, saa kumi na moja jioni, tandaza vipande vya gunia lililoloweshwa, kila mita 3 pembeni mwa tuta, na chini ya kila kimoja weka maganda ya papai. Saa kumi na mbili asubuhi vifunue. Ukichelewa hadi saa tatu, gunia limekauka na wageni wako wameondoka.

Vaeni glavu, au mfuko wa plastiki mkononi. Konokono hubeba vijidudu vya minyoo ya mapafu ya panya, na minyoo hiyo ikimwingia mtu huweza kuvimbisha utando wa ubongo. Watoto wasichezee konokono. Mboga ya majani ioshwe jani kwa jani kwa maji yanayotiririka.

Chumvi yenu sasa ina kazi, nayo ni ndani ya ndoo. Tia kilo moja kwa kila lita 4 za maji safi, koroga mpaka iyeyuke, wamwage konokono humo wazame kabisa, funika kwa kifuniko kizito maana hupanda ukingo, waache saa 24. Maji hayo hayo yatumie wiki nyingi ukiongeza chumvi kidogo. Yakichoka yamwage kwenye shimo la choo. Nimemkuta kijana anayamwaga shinani mwa mpapai! Mizoga ifukiwe nusu mita chini, mbali na kisima. Mwenye bata awaachie kwenye matuta asubuhi kwa wale wadogo. Bata ni mfanyakazi mzuri, ila mtoe kabla hajageukia mchicha.

Kumwagilia pia kuhamie asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa tatu, ili uso wa udongo uwe umekauka jua likitua. Anayemwagilia saa kumi na mbili jioni anawatandikia konokono njia, kwa sababu hutembea juu ya ute na udongo mkavu unawanywea ute huo. Kwa sababu hiyo hiyo acheni ukanda mtupu wa mita 1.5 kuzunguka shamba, bila nyasi, bila makuti, bila mawe. Si nusu mita. Majivu makavu husaidia siku mbili tatu za jua, na mvua ikinyesha yamekwisha. Msiyarundike, maana nayo huongeza chokaa, na udongo wetu wa matumbawe unayo ya kutosha. Chokaa hiyo, kwa njia, ndiyo inayowapa konokono wa huku magamba mazito. Vidonge vya dukani vya metaldehaidi, sumu ya konokono, vinaua konokono na vinaua mbwa, paka na mbuzi vilevile. Vya fosfati ya chuma ni salama zaidi. Ukinunua, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kifuko, wala usiongeze kwa macho.

Jambo moja niliweke hapa kwa sababu linaniuma kuliona. Si kila konokono ni adui. Wapo wadogo, gamba lao jeupe au la manjano linalong'aa, umbo limepinda kidogo upande, wasiofika sentimita 3. Hao hula konokono wenzao na mayai yao. Misitu ya pwani yetu ni tajiri sana kwa jamii hiyo, na miaka ya 1950 wengine walichukuliwa kutoka Kenya wakapelekwa Hawaii kupambana na konokono wakubwa. Sisi tunao bure na tunawakaanga kwa chumvi pamoja na adui wao. Mkimwona mweupe mdogo, mwacheni.

Kwa aliyekwisha kumwaga: kama unaona chembe bado ziko juu, kwangua sentimita 2 za juu leo, kabla ya mvua, utoe nje ya shamba. Kama imeshayeyuka, inabidi uioshe ishuke chini ya mizizi. Kwa kina cha sentimita 20 unahitaji maji ya kina kama hicho hicho, lita 200 kwa kila mita ya mraba, ndipo karibu asilimia 80 ya chumvi iondoke. Kwa lile tuta la mita 10 ni lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20, tena ya maji matamu. Hiyo ndiyo bei halisi ya kilo moja ya chumvi. Kwenye mchanga wa karibu na bahari, masika yakinyesha vizuri yatakufanyia kazi hiyo, mradi maji yashuke na yasitiririke juu, kwa hiyo tengeneza kingo kuzunguka tuta. Kwenye udongo mzito wa bonde la Sabaki ni shida zaidi: chumvi hugandisha udongo, maji hayashuki, uso unafanya ukoko. Huko ongeza jasi na samadi iliyooza, kisha ndipo uoshe, na msimu wa kwanza panda kunde, si maharage.

Mambo yakienda sawa, majani mapya yatatoka bila kingo zilizoungua.

Wakati rahisi kuliko wote wa kuwaokota konokono bado haujafika, na wengi huupoteza. Kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma na ardhi imekauka, konokono wakubwa hujifungia: huziba mlango wa gamba kwa utando mweupe na kulala miezi. Wengine hujizika, lakini wengi utawakuta wameganda kivulini, nyuma ya kuta za mawe, kwenye mashina ya miembe na mikorosho, chini ya mitungi mibovu. Hawakimbii, hawahitaji tochi, na kila mmoja unayemwokota hapo ni mayai 200 ambayo masika hayatayaona. Wekeni siku mbili katika Februari, nyumba nzima, mkianzia ukuta wa nyuma wa jiko na wa choo ambako jua la jioni halifiki.