Bibo moja kwa saa moja: kujifunza rangi za mafuta kwa vibao vidogo

Anayetaka kujifunza rangi za mafuta hapa Mtwara mara nyingi huanza na turubai kubwa na mada kubwa: machweo ya Mikindani, mashua zote zilizotia nanga, na wavuvi juu yake. Baada ya wiki kadhaa picha iko nusu, tyubu zimebonyea, na mwenyewe hajui ni kitu gani hasa kilichomshinda, kwa sababu vyote vimemshinda kwa pamoja. Njia ninayoifundisha ni nyingine. Kibao chenye ukubwa wa daftari la shule, yaani kama sentimita 15 kwa 20. Kitu kimoja mbele yako, kwa mfano bibo, yaani tunda la mkorosho. Swali moja. Saa moja. Muda ukiisha weka brashi chini, hata kama mkono bado unawasha.

Hatua ya 1: Rangi

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya kung'aa ya mageti na milango. Ndiyo aina aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa huku kwetu kusini, juu ya hadibodi, na waliomfuata baada ya kifo chake mwaka 1972 wameendelea nayo. Kwa kazi ile inafaa: inakauka upesi na mstari wake unakaa wazi. Kwa zoezi letu haifai, maana tunataka rangi inayobaki mbichi kutwa nzima ili uweze kuisukuma, kuilainisha ukingoni, au kuikwangua yote. Hiyo ni rangi ya wachoraji ya tyubu, ambayo unga wake umesagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Wengi wetu tunaagiza Dar es Salaam na kuipokea kwenye basi.

Majina kwenye tyubu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo soma namba za unga wa rangi zilizoandikwa kwa herufi ndogo. Sita zinatosha: PW6, nyeupe ya titani, PY43 au PY42, manjano ya udongo, PY74, manjano kali, PR254, nyekundu, PB29, bluu ya ultramarini, na PBr7, kahawia ya amba iliyochomwa. Nyeusi usinunue. Ultramarini na amba zikichanganywa zinakupa giza zito kuliko unalohitaji, na unaweza kulivuta upande wa bluu au wa kahawia upendavyo. Tyubu nyekundu yenye namba PR83 iache hata kama ni ya bei rahisi, kwa sababu hupauka kwenye mwanga, na mwanga huku hatuna shida nao.

Ongeza brashi tatu bapa zenye manyoya magumu na kisu chembamba cha kuchanganyia. Kipande cha kioo kilichowekwa juu ya karatasi ya kijivu ndiyo paleti yako, yaani mahali pa kuchanganyia rangi. Sagisha kingo za kioo kwa fundi vioo.

Neno moja kuhusu mafuta ya jikoni. Ya alizeti ni mazuri kusafishia brashi: zifute, zisugue ndani ya mafuta, zifute tena, kisha zioshe kwa sabuni ya mche. Hivyo chumba hakijai harufu ya tapentaini. Lakini usiyachanganye na rangi, na ya nazi ndiyo kabisa. Mafuta ya kitani hugeuka kuwa ngozi ngumu yakikutana na hewa. Ya nazi hayakauki milele.

Hatua ya 2: Vibao

Nenda kwa seremala mwenye mabaki ya plaiwudi au hadibodi. "Fundi, hivi vipande unavitupa?" Mara nyingi jibu ni kwamba anavichoma, na kwa bei ya soda atakukatia kumi.

Pitisha msasa, futa vumbi, kisha paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili, ukiacha wa kwanza ukauke kabisa. Usichore moja kwa moja juu ya mbao au boksi tupu: mafuta hunyonywa, picha hubaki imefifia, na baada ya miaka nyuzi zenyewe huoza. Rangi ya ukutani inatosha kwa mazoezi. Kwa kazi ya kuuza tafuta jeso, rangi nyeupe ya wachoraji ya kutangulizwa chini ya picha. Kumbuka mpangilio: mafuta juu ya maji hushika, maji juu ya mafuta hubanduka.

Mwishoni ua ule weupe. Chukua amba kidogo uizimue kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, sugua kibao kizima kwa kitambaa, acha siku moja. Kwenye weupe mtupu kila rangi huonekana nyeusi kuliko ilivyo, na mwanafunzi huishia na picha iliyopauka.

Hatua ya 3: Dirisha lipi?

Hapa ndipo mafunzo ya mtandaoni yanapotupoteza. Karibu yote yanasema kaa kwenye dirisha la kaskazini. Ni ushauri sahihi kwa aliye Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima na dirisha la kaskazini halichomwi. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hupita utosini mwetu karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 21 Februari. Kati ya tarehe hizo liko upande wa kusini. Miezi mingine yote, Machi hadi katikati ya Oktoba, liko kaskazini.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka kaa kwenye dirisha la kusini, na msimu wa joto hamia la kaskazini. Nyumba ya Lindi au ya Mtwara, hesabu ni ileile. Ukiwa na dirisha moja tu linalopigwa na jua, tundika shuka jeupe na uendelee. Kinachotakiwa ni kivuli kisichohama wakati unachora.

Mwanga utokee upande mmoja tu. Funga mlango, zima taa. Mwanga wa pande mbili hula kivuli, na bila kivuli huna umbo la kuchora.

Hatua ya 4: Vibao vya toni, bila rangi

Fungua tyubu mbili: nyeupe na amba. Weka yai juu ya kitambaa cha kaki. Swali la kibao hiki: wapi ni kweupe, wapi ni kweusi, na kwa kiasi gani? Hilo ndilo ninaloliita toni.

Finya macho mpaka yai lipoteze habari zake ndogondogo na kubaki mapande mawili, la mwanga na la kivuli. Changanya rangi tatu tu kwenye kioo: ya mwanga, ya kivuli, na ya kitambaa. Paka mapande hayo kwa brashi kubwa kuliko unavyotaka. Baada ya hapo ndipo uchanganye ile ya katikati na kuiweka pale mwanga unapogeukia kivulini. Doa jeupe la kung'aa ni la mwisho kabisa, mguso mmoja, usilirudie.

Utashangaa kuona kwamba upande wa kivuli wa yai jeupe ni mweusi kuliko sehemu ya kitambaa iliyopigwa na mwanga. Akili inasema "yai ni jeupe" na mkono unatii. Piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ilinganishe na kibao. Simu haijui kuwa lile ni yai.

Ukishaelewana na yai, geuza swali: chukua kinyago cha mpingo. Katika mkoa huu hukosi nyumba yenye kimoja. Mpingo uliosuguliwa ni somo gumu na tamu. Kitu chenyewe ni karibu cheusi, hivyo hatua zote za toni zinabanwa kwenye nafasi ndogo, na juu yake kuna mng'ao mkali wa dirisha. Anayeanza hukipaka cheusi tii halafu hana pa kwenda. Anza na kahawia nzito, yenye mwanga kidogo kuliko nyeusi, ukiweka akiba ya giza kwa mikunjo ya ndani. Utaona pia kwamba mng'ao si mweupe; umebeba rangi ya anga, kwa hiyo kwenye kibao cha pili cha mpingo ongeza ultramarini.

Kaa kwenye hatua hii muda mrefu kuliko unavyoona inafaa. Anayeruka toni anakuja kulaumu rangi.

Hatua ya 5: Bibo

Kuanzia Oktoba mikorosho inapoangusha, tuna mfano ambao mchoraji wa Ulaya angeulipia: jekundu, la manjano, ngozi inayong'aa, na korosho ya kijivu ikining'inia chini. Chukua zima, lililokomaa bila kupasuka, na uliweke kwenye sahani. Utomvu wake ukishika nguo hautoki. Korosho usiibanje, mafuta ya ganda lake yanababua ngozi. Tena bibo halingoji. Asubuhi limejaa, kesho limenywea. Ndiyo maana nalipenda kwa zoezi la saa moja.

Swali: rangi inabadilikaje inapoingia kivulini?

Kabla ya kuanza kuhesabu muda, changanya. Kwa kila kitu mafungu matatu: mwanga, kati, kivuli. Bibo jekundu kwenye mwanga ni PR254 na manjano kali kidogo. Katikati ni PR254 yenyewe. Kivulini ni PR254 na amba, pamoja na ncha ya ultramarini. Nyeupe iweke mbali na nyekundu, kwani huigeuza ya waridi na kuipoza. Ukitaka kuing'arisha, tumia manjano. La manjano lina mtego wake: ukilitia giza kwa bluu linageuka kijani. Kivuli chake kitengeneze kwa manjano ya udongo na amba kidogo, na kwenye kona ya ndani kabisa chembe ya nyekundu. Korosho ni ultramarini, amba na nyeupe, ukivuta kuelekea kijani kama bado ni mbichi.

Sasa paka. Kivuli kwanza na kiwe chembamba, mwanga baadaye na uwe mnene. Weka mguso, acha. Brashi ikipita mara tatu mahali pamoja rangi zinakuwa tope, na tope halirekebishwi kwa kuongeza rangi. Likitokea, kwangua kwa kisu mpaka kwenye kibao, uweke upya. Tazama chini ya bibo: kwenye sahani nyeupe kuna wekundu hafifu unaorudi kutoka kwenye tunda lenyewe. Ukiuweka huo, bibo linakaa juu ya sahani.

Mwisho kingo. Upande wa mwanga ukingo uache ukatike. Upande wa kivuli upitishe kidole mara moja, uyeyuke kwenye kivuli cha sahani.

Nje ya msimu tumia ndimu, embe, nyanya za sokoni, au samaki changu kama una haraka kuliko paka.

Hatua ya 6: Toka nje

Mikindani kuna kila kitu: kuta za mawe ya matumbawe, mashua, ghuba iliyofungwa vizuri. Punguza muda uwe nusu saa, na nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mchana kivuli kiko chini ya nyayo. Uliza saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuondoka. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mashua uliyoianza ikiwa imelala kwenye mchanga itaondoka ikielea. Chora mapande manne tu: anga, maji, ardhi, na kitu kimoja kilichosimama. Kusi ikivuma kali kaa nyuma ya ukuta, la sivyo utachora na mchanga.

Hatua ya 7: Baada ya brashi

Andika nyuma ya kibao tarehe, saa, mwanga ulitoka wapi, na swali lilikuwa nini. John Constable, mchoraji wa Kiingereza, alifanya hivyo Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822 alipokuwa akichora mawingu kwa mafuta kwenye vipande vidogo: aliandika nyuma saa na upepo.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta yale yakikauka hutoa joto, na fundo la vitambaa linaweza kushika moto lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitie kwenye kopo lenye maji na kifuniko.

Vibao vikaushe kwenye chumba chenye mwanga na hewa, visivyogusana. Ukivifungia kabatini, mafuta ya kitani yanageuka manjano gizani. Sehemu za amba zitakauka kwa siku chache. Nyeupe nene itachukua wiki au zaidi, hasa masika hewa ikiwa nzito. Ukitaka kuongeza tabaka juu ya kibao kilichokauka, rangi ya juu iwe na mafuta mengi kuliko ya chini, isije ikapasuka. Vanishi isubiri miezi 6.