Kupanga spika za paneli sebuleni: shika futi kabla ya kuuliza bei

Mzee mmoja wa Shanty Town, Moshi, aliniita mwaka juzi. Spika zake ndefu kama milango zilikuja kwenye kontena pamoja na vyombo vingine vya nyumbani, akazibana ukutani kushoto na kulia kwa kabati la televisheni. "Fundi, nadhani niliuziwa mbao," akaniambia. Besi hakuna, na mwimbaji anasikika kama amefungiwa kabatini. Sikufungua hata skrubu moja. Nilizivuta mbele kiasi cha mita moja na robo, nikamwomba akae. Akanyamaza wimbo mzima. Mama ndiye aliyevunja kimya: "Sasa baba, wageni watapita wapi?"

Swali la mama ndilo la kuanza nalo.

Hatua ya 1: Pima sebule

Spika ya kawaida imefungwa ndani ya boksi, kwa hiyo sauti ya nyuma inabaki humo. Paneli haina boksi. Ni utando mwembamba, mpana, unaocheza mbele na nyuma, na sauti hutoka pande zote mbili. Ile ya nyuma hugonga ukuta na kurudi. Ukuta ukiwa sentimita 30 tu nyuma ya spika, sauti hiyo inarudi chini ya milisekunde 2 baada ya ile ya mbele. Sikio halizitenganishi, na unachosikia ni uji. Ukiacha mita 1.2, inachelewa kama milisekunde 7. Hapo ndipo muziki unapoanza kupata kina, mpiga ngoma akasogea nyuma ya mwimbaji.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5. Paneli zikae mita 1.2 kutoka ukuta wa nyuma yao, kiti chako mita 1 kutoka ukuta wa mgongoni kwako. Zinabaki mita 2.8 kati yako na spika. Inatosha. Chumba cha mita 3 kwa 3 kilichojaa makochi hakitoshi, na hapo nakushauri ununue spika ndogo za boksi.

Hatua ya 2: Chagua aina

Zipo za elektrostatiki na zipo za sumaku.

Ya elektrostatiki ina utando uliochajiwa volti elfu kadhaa, ukining'inia kati ya bati mbili zenye matundu. Quad ya Peter Walker, iliyotoka Uingereza mwaka 1957, bado inasifiwa kwa sauti ya binadamu, na nakubaliana na wanaoisifu. Lakini kila spika inahitaji soketi yake ya umeme, na chaji hiyo inavuta vumbi. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Tena Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi huruhusu cheche kuruka kirahisi zaidi kuliko Tanga au Dar. Haimaanishi spika itaungua, ila ukipata kuukuu inayolia "tiki, tiki" hata bila muziki, usilipe kabla haijakaguliwa.

Ya sumaku, mfano Magnepan za Marekani, ambazo Jim Winey alianza kuziunda mwaka 1969, haichomekwi ukutani. Waya mwembamba umegandishwa kwenye utando, sumaku zimepangwa kando yake. Kwa nyumba zetu naipendelea hii. Tatizo lake ni ulafi: nyingi zina ukinzani mdogo wa umeme, omu 4, na zinataka amplifaya yenye misuli. Usidanganywe na stika ya "wati 2000". Angalia nyuma ya amplifaya kama imeandikwa kwamba inamudu omu 4, kisha inyanyue. Yenye transfoma ya kweli huwa nzito.

Na niseme wazi: kama raha yako ni singeli ya kutikisa vioo, baki na sabufa yako. Sauti nzito ya mbele ya paneli na ile ya nyuma hukutana kwenye kingo na kuuana. Besi utakayopata ni safi, lakini haikupigi kifuani.

Hatua ya 3: Zipange

Hapa tenga jioni nzima, na isiwe jioni ya masika. Mvua ikianza kupiga bati hakuna cha kusikiliza.

Bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni, ule wa mafundi rangi, uandike vipimo. Acha mita 2.2 kati ya katikati ya spika moja na ya pili. Kuta za pembeni zisikutishe sana, maana paneli hutoa sauti kidogo mno ubavuni. Sentimita 60 zinatosha.

Usianze na muziki. Weka mtangazaji wa kiume anayesoma habari, spika zote mbili zikitoa sauti ileile. Anapaswa kusimama katikati kabisa, hewani, bila kuegemea upande. Akiwa na kifua kizito kama anaongea ndani ya pipa, sogeza spika mbele au nyuma sentimita 10 kwa mara. Akiwa katikati lakini amepanuka kama pazia, zigeuze kidogo zikuelekee. Ukishafika karibu, sogeza sentimita 2 tu. Utashangaa tofauti yake.

Kama tweta (sehemu inayotoa sauti nyembamba) iko upande mmoja wa paneli, badilishana spika ya kushoto na ya kulia, usikilize tena. Wengi hawajaribu hili kabisa.

Hatua ya 4: Tuliza chumba

Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio kama wa chuma, ni marumaru, plasta na jipsamu zinarushiana sauti. Zulia nene kati yako na spika, mapazia mazito (soko la Memorial, Moshi, utayapata ya mtumba kwa bei ya kuongeleka), na kabati la vitabu nyuma ya spika. Kabla ya kutumia hela, simamisha godoro nyuma ya kila spika, usikilize, kisha uliondoe. Sauti ikipoa kupita kiasi, ukuta ule usiuzibe wote.

Hatua ya 5: Ishi nazo

Paneli ni ndefu na nyepesi kwa upana wake. Mtoto akiegemea, inaanguka. Funga miguu vizuri. Paka nao hupenda kunolea kucha kwenye kile kitambaa. Usiku zizime kama ni za elektrostatiki, na aina yoyote ifunike kanga.

Kuhusu wageni wa yule mama: nilikata vipande vya blanketi kuukuu, nikavigandisha chini ya miguu ya spika. Siku ya ugeni zinateleza hadi ukutani. Wakiondoka, mzee anazirudisha kwenye alama zake, na kwa mujibu wa mama, hasubiri hata wafike getini.