Nasaba za Wakanada Wafaransa: fuata ndoa, usifuate jina

Nimeoa Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, na nilianza kuchimbua ukoo wa wakwe zangu ili wanangu wajue upande wa mama yao. Siku hizi hata majirani wananiletea makaratasi yao. Nafanya hivi.

Hatua ya 1. Keti na bibi mwenye kumbukumbu. Muulize nani alimwoa nani, na katika parokia gani. Tarehe za kuzaliwa ziache kwanza. Parokia ndiyo ufunguo, maana huko Quebec vitabu vya makanisa vilihesabika kuwa rejista za serikali hadi mwisho wa 1993.

Hatua ya 2. Tafuta hati ya ndoa. Rejista za parokia za Kikatoliki, kuanzia 1621, zimo bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Pembeni mwa ukurasa utaona herufi: B ni ubatizo, M ni ndoa, S ni maziko. Ndani ya hati, bwana harusi ni "fils de" (mwana wa) fulani "et de" (na wa) fulani, na bibi harusi ni "fille de" (binti wa) vivyo hivyo. Umeshapata wazazi wanne kwa karatasi moja, na mama wote wawili wameandikwa kwa majina waliyozaliwa nayo. Mwanamke wa Quebec, kama binti Salim wetu wa pwani, haachi jina la baba yake kwa kuolewa.

Sasa rudi nyuma miaka 20 hadi 30 utafute ndoa ya kila jozi ya wazazi. Ukikuta "feu" mbele ya jina la baba, alikwisha kufariki, kwa hiyo maziko yake yatafute kabla ya siku ile. Ukikuta "veuf de", bwana harusi ni mgane, na mara nyingi padri hakujishughulisha kuandika wazazi wake. Itafute ndoa yake ya kwanza.

Hatua ya 3. Jihadhari na neno "dit", yaani "aitwaye". Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilikwama. Wiki tatu nzima nilitafuta ubatizo wa mtu aitwaye Beaulieu, nisiuone. Kumbe alibatizwa Hudon, kwa sababu ukoo wao ni Hudon dit Beaulieu. Mtoto mmoja alibaki na Hudon, ndugu yake akashika Beaulieu, na wajukuu hawakujua kuwa ni damu moja. Lakabu nyingi zilitoka jeshini. Askari wa kikosi cha Kifaransa cha Carignan-Salières, waliofika 1665, walikuwa na majina ya vita, na waliobaki kulima waliwaachia watoto. Majina ya namna hiyo yapo hadi leo: Sansoucy, asiye na wasiwasi, Vadeboncoeur, nenda kwa moyo mkunjufu, hata Tranchemontagne, mkata mlima! Kwa kila ukoo andika majina yote mawili, kisha tafuta kwa kila moja.

Hatua ya 4. Zamani wavulana wengi walibatizwa Joseph, wasichana Marie. Jina la kuitwa nyumbani mara nyingi lilikuwa la mwisho. Tena, mtoto alipokufa, mdogo wake aliweza kupewa jina lilelile, basi angalia maziko kabla ya kushangilia.

Hatua ya 5. Ukoo ukikatika ghafla kati ya 1840 na 1930, vuka mpaka. Mamia ya maelfu ya watu walikwenda kwenye viwanda vya nguo vya Lowell, Manchester na Woonsocket, Marekani. Huko, kwa kutafsiri jina kwa Kiingereza, Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King; Benoit akaandikwa Benway kwa jinsi karani alivyosikia. Tamka jina kwa sauti kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 6. Ukifika miaka ya 1660, soma ndoa neno kwa neno. Bibi harusi wa kati ya 1663 na 1673 huenda ni mmoja wa "filles du roi" (mabinti wa mfalme), wasichana takriban 800 waliosafirishwa kwa gharama ya mfalme wa Ufaransa. Baada ya majina ya wazazi wake, mara nyingi padri ameandika parokia aliyotoka Ufaransa. Inakili herufi kwa herufi, hata kama imeandikwa vibaya, kisha hamia kwenye rejista za huko.