Kabla hujasaini ufadhili wa PhD Ujerumani

Pasi iwe na muda wa kutosha. Ikikaribia kuisha, wahi ubalozini Berlin. Maombi ya kuongeza kibali cha kuishi yaingie kabla cha zamani hakijaisha, na miadi ikichelewa dai karatasi ya muda, ile Fiktionsbescheinigung. Bima ya afya isikatike hata mwezi mmoja. Kijerumani anza mapema hata kama maabara nzima mnaongea Kiingereza, maana siku ukiomba ukaazi wa kudumu watakuomba cheti cha B1, yaani Kijerumani cha kiwango cha kati. Mtihani wa maisha ya Ujerumani, nao wa ukaazi huo huo, una maswali 33 na ni wa kukariri, usikunyime usingizi. Hayo utaambiwa na kila mtu.

Mimi hakuna aliyeniambia niulize hivi: hapa naajiriwa au nafadhiliwa?

Tulimaliza uzamili mwaka mmoja, chuo kimoja, mimi na dada mmoja wa Kikenya. Yeye akapata nusu ajira kwenye mradi wa profesa, mimi nikapata ufadhili, na kwa kweli nilimwonea huruma. Kila mwisho wa mwezi ilikuwa malalamiko: pensheni peke yake inamega asilimia 9.3 ya mshahara, bado bima, bado kodi. Hela yangu iliingia nzima. Nilituma nyumbani, nikanunua baiskeli, nikajiona mjanja.

Miaka minne baadaye nikapata kazi ya utafiti. Nilipofikisha miezi sita kazini, nikabeba faili na kwenda kuomba ukaazi wa kudumu. Nilishapiga hesabu zangu: miaka saba nchini, shahada mbili za hapa hapa. Mama wa kaunta hakugusa vyeti. Aliomba barua ya mfuko wa pensheni, akashusha kalamu taratibu kwenye orodha ya miezi, akaandika pembeni: 6. Kisha akanigeuzia karatasi nijionee. Miaka yote minne ya PhD haikuwa na mstari hata mmoja.

Sheria yenyewe haina siri. Mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaweza kuomba akishakaa miaka 2 na kibali cha mtaalamu au cha mtafiti, awe na michango ya pensheni ya miezi 24 na kazi ya kiwango chake. Ufadhili si mshahara, kwa hiyo haukatwi pensheni, na kibali cha mwanafunzi hakiingii kwenye ile miaka 2. Ipo njia ndefu ya miaka 5 ambako muda wa masomo huhesabiwa nusu, ila huko wanataka michango ya miezi 60. Yule dada, na mkataba wake wa nusu na kibali cha mtafiti, kadi yake ya ukaazi wa kudumu ilitoka kabla hajatetea tasnifu.

Umeshasaini? Andikia mfuko wa pensheni uulize michango ya hiari. Kima cha chini ni zaidi kidogo ya yuro 100 kwa mwezi, na ya mwaka mmoja hupokelewa hadi tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata. Hiyo itakupa miezi, haitabadilisha aina ya kibali, kwa hiyo muulize profesa kila muhula kama mradi una nafasi ya ajira. Kadi ya Bluu, kibali cha kazi cha wenye shahada, hukufikisha kwenye ukaazi wa kudumu haraka, miezi 21 ukiwa na B1, lakini ina kima cha mshahara ambacho nusu ajira haikifikii.

Wenye utafiti wa nyanjani, nyie ndio mnaonitia wasiwasi. Ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6, kibali kinakufa chenyewe, hata kama ulikuwa Kigoma unakusanya data za tasnifu hiyo hiyo. Omba ruhusa ya muda mrefu zaidi kabla ya kuondoka, na ipatikane kwa maandishi.

Halafu tahadhari na ushauri wa kaka aliyefika zamani: sheria nyingi za vibali zilibadilika Novemba 2023. Mikataba ya vyuo ni mifupi, uliza ya kwako inaisha lini kabla hujapanga miadi. Hati za mshahara usitupe, hata za kibarua cha siku za uzamili. Kama kilikatwa pensheni, miezi ile nayo imo.