Kupima harufu ya kiwanda cha mawese kwa pua na saa

Vipima gesi vya bei nafuu havifai sana kwa kazi hii. Harufu ya kiwanda ni mchanganyiko wa gesi nyingi, na pua huinasa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai yaliyooza, wakati kipimo bado kinasoma sifuri. Chombo ni pua, ila iendeshwe kwa saa na daftari.

Mpimaji asile, asivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Marashi hapana, mwenye mafua apumzike. Asiwe mfanyakazi wa kiwanda, pua yake imeshazoea, wala mlalamikaji mkuu. Hasira nayo hunusa mbali.

Vituo vya kupimia viwe kwenye makazi ya watu, si langoni mwa kiwanda. Simama dakika 10. Kila sekunde 10 vuta hewa kwa pua, andika alama moja: 0 hakuna, M mawese yanayochemka, B maji machafu yaliyoozea bwawani, D dagaa, K kingine. Utapata alama 60. M na B zikifika 6 kwa jumla, kipimo hicho cha dakika 10 huhesabiwa kuwa "saa ya harufu". Ndivyo ulivyo utaratibu wa Ulaya wa kupima harufu kwa pua, EN 16841. Usidharau D: maeneo kama Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, dagaa walioanikwa hufunika kila kitu, na ukiandika "kunanuka" tu, mwenye kiwanda atawasingizia dagaa.

Wengi hukosea kwenye muda. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Ukipima adhuhuri tu, nyumba zilizo kati ya kiwanda na ziwa zitaonekana salama, kumbe zinateseka usiku, hewa ikitulia na harufu kutambaa mabondeni. Funga utepe mwepesi kwenye fimbo, andika upepo unakotoka. Ratiba ipangwe mapema, saa zote za siku. Ukikimbilia siku za malalamiko, asilimia ya saa za harufu itavimba.

Kwa mwaka mzima utaratibu huo wa Ulaya unataka vipimo 104 kwa kila eneo. Saa za harufu zikiwa 13, hiyo ni asilimia 12.5; Ujerumani kikomo cha makazi ni 10. Wakazi nao wajaze daftari lao, pamoja na siku zisizonuka.

Usiiname juu ya bwawa. Haidrojeni salfaidi ikifika kama sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ya mayai yaliyooza ikikatika ghafla, ondoka hapo hapo.